Kukauka, kuganda, kukomaa: msamiati wa meza ya mbao na epoksi

Makala hii inaeleza maana na matumizi ya maneno yanayohusu utengenezaji wa meza ya chakula kwa mbao na epoksi, kazi ambayo siku hizi hufanywa na mafundi na hata na watu wasio mafundi nyumbani kwao. Imekusudiwa wanafunzi wa Kiswahili, wafasiri wa maelekezo ya bidhaa, na walimu wanaotafuta mifano hai ya istilahi za ufundi. Mkazo umewekwa katika vitenzi vitatu, *kukauka*, *kuganda* na *kukomaa*, ambavyo maelekezo mengi huvitumia kana kwamba ni kitu kimoja.

1. Chanzo cha makala

Mwandishi alitengeneza meza ya namna hiyo nyumbani kwake Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya mji wa Kibaha na Mlandizi. Mbao zilitoka kwenye mwembe mkongwe ulioangushwa na upepo katika kiwanja cha jirani. Epoksi ilinunuliwa Dar es Salaam, nayo ilikuja na karatasi ya maelekezo katika lugha mbili. Upande wa Kiswahili ulisema: "Acha ikauke kwa saa 24, kisha piga msasa."

Fundi seremala kijana aliyekuwa akisaidia kazi alikuja kesho yake, akaweka kidole juu ya meza, akakiinua. "Mwalimu, imekauka hii," alisema. "Hainati tena." Nami nikamwambia aendelee. Alipiga msasa mchana kutwa, mikono mitupu, pua wazi, vumbi jeupe likimjaa mpaka kwenye kope. Siku ya pili mikono yake ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge. Daktari alimweleza kwamba ngozi yake imeikataa epoksi, na kwamba huenda ikaikataa maisha yake yote: kila atakapoigusa ikiwa bado mbichi, ugonjwa utarudi.

Hapo ndipo nilipousoma upande wa pili wa karatasi. Matini ya awali ilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja kilisema kwamba baada ya saa 24 epoksi huwa ngumu kiasi cha kutonata. Cha pili kilisema kwamba isikwaruzwe wala kurandwa mpaka mmenyuko wake ukamilike, yaani baada ya saa 72, na kwamba isitumiwe kwa chakula kabla ya siku saba. Mfasiri aliviona vitenzi viwili akaandika kimoja. Mimi, mwenye kufundisha semantiki, nilikisoma hicho kimoja wala sikushtuka. Makala hii ni sehemu ya deni hilo.

2. Ubao, mbao, mti

ubao *nm* mbao [u-/zi-] kipande bapa cha mti kilichopasuliwa kwa msumeno.

Upatanisho wa kisarifi ni *ubao huu umepinda, mbao hizi zimenyooka*. Katika maduka ya mbao husikika pia *mbao hii* na *mbao moja* kwa maana ya umoja, kama kwamba neno liko katika ngeli ya [i-/zi-]. Matumizi hayo yameenea katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi umoja ni *ubao*.

Neno hili lina ukoo mkubwa. *Kibao* ni ubao mdogo, pia bango la duka, pia kigoda cha kukunia nazi (*kibao cha mbuzi*), na pia kofi. *Bao* ni mchezo wa kete, na pia goli katika kandanda. *Ubao* ni kile cha kuandikia darasani. Katika lugha ya mitaani Tanzania, *ubao* ni njaa; katika Sheng ya Nairobi, *mbao* ni shilingi ishirini. Mfasiri wa mazungumzo ya vijana hana budi kujua ni ubao upi unaosemwa, maana mtu asemaye kwamba ubao unamuuma hahitaji seremala.

Kwa kutaja mata, Kiswahili husema *meza ya mbao*. Matumizi ya zamani zaidi hutaja *mti*: *kijiko cha mti, bakuli la mti*. Yote mawili ni sahihi, ila *mti* hufaa zaidi kwa kitu kilichochongwa kutoka katika pande zima, na *mbao* kwa kilichoungwa kwa vipande. Pale ambapo Kiingereza hutumia neno moja, Kiswahili huchagua: *mti* ukiwa umesimama au ukichongwa, *gogo* ukiwa umeanguka, *mbao* ukiwa umepasuliwa, *kuni* ukiwa wa kupikia.

Jina la mbao hufuata jina la mti, si la tunda: *meza ya mwembe*, si *meza ya maembe*, *mbao za mkorosho, mbao za mfenesi*. Mbao zinazosifiwa kwa samani nchini Tanzania ni pamoja na mninga, mkongo, mvule, mkangazi na mtiki. Mtiki ni mti wa kigeni ulioletwa kupandwa, na Longuza, wilayani Muheza, ni miongoni mwa mashamba yake yanayojulikana. Jina la zamani zaidi la mti huohuo katika pwani ni *msaji*. Mninga na mkongo ni miti ya asili, hivyo mnunuzi aangalie kama mbao zina hati za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa kuwa uvunaji na usafirishaji wake unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

3. Banzi na ukingo wa gome

banzi *nm* ma- [li-/ya-] kipande cha nje cha gogo, chenye gome upande mmoja, kinachobaki gogo linapopasuliwa mbao.

Kwa desturi mabanzi ni mali ya bei nafuu. Hujengewa uzio, banda la kuku, kibanda cha chipsi. Mtindo wa meza za epoksi umeligeuza soko hili, kwa kuwa uzuri wake unatokana na ukingo usionyooshwa, wenye mawimbi ya shina lenyewe. Wafasiri wengine wameuita *ukingo hai* au *ukingo unaoishi*, wakifuata umbo la Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hapati maana yoyote hapo, isipokuwa labda kwamba mbao zina wadudu. Inapendekezwa kuandika *ukingo wa asili* au *ukingo wa gome*.

Maneno mengine yanayohusiana na hali ya mbao:

- ufa (wingi *nyufa*): mpasuko mwembamba. *Nyufa* za mwisho wa ubao hutokea ubao ukikauka haraka upande mmoja.
- -bungua: toboatoboa, kwa wadudu. *Ubao uliobunguliwa* haufai kuachwa bila kutibiwa, hata kama matundu yake yanapendeza yakijazwa rangi.
- -pinda: kupoteza unyofu. Ubao *hupinda*, mtu *huupindisha*.
- nyuzi: mistari ya mti ndani ya ubao. *Kuranda kwa kufuata nyuzi* huacha uso laini. *Kuranda kinyume cha nyuzi* huuchimbua.
- fundo: sehemu ngumu ya mviringo palipoota tawi.

4. Vifaa na historia ya majina yake

Karakana ya seremala ni makumbusho ya lugha. *Meza* yenyewe ni neno la Kireno, na *parafujo* vilevile. *Randa* ni neno la Kiajemi, lililo pia katika Kihindi kwa maana ileile. *Gundi* lina asili ya Kihindi. *Kalibu*, yaani umbo la kumiminia kitu ili kigande, ni la Kiarabu. *Nyundo* na *msumeno* ni ya Kibantu.

*Msasa* linastahili maelezo ya pekee. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ulikuwa mti, nao ungaliko: mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, ambayo mafundi waliyatumia kulainisha mbao na vinyago. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani. Ndiyo maana *kupiga msasa* ni Kiswahili kinachojitosheleza, wala hakuna haja ya kuandika *kupiga sandapepa*. Namba ya msasa huonyesha ukubwa wa chembe: namba ndogo, kama 80, hukwaruza kwa nguvu, namba kubwa, kama 240, hulainisha.

5. Utomvu, ulimbo, gundi, sandarusi, rezini

Epoksi ni rezini ya kutengenezwa kiwandani. Msingi wa kemia yake uliwekwa katika miaka ya 1930 na 1940, hasa na kazi za Pierre Castan huko Uswisi na Sylvan Greenlee huko Marekani. Mafundi wetu waliifahamu kwanza kama gundi ya mirija miwili, kwa jina la biashara la Araldite. Tatizo la mfasiri ni kwamba *rezini* kwa maana pana, yaani kitu cha kunata kitokacho mtini na kugeuka kigumu, ina majina mengi katika Kiswahili, na kila moja lina mpaka wake:

- utomvu: maji mazito yatokayo kwenye mmea ukikatwa, kama ya mfenesi au mpapai. Si lazima yawe magumu baadaye.
- ulimbo: utomvu mzito wa kunatia, hasa wa kunasia ndege. Sifa yake kuu ni kunata, si ugumu.
- gundi: kitu chochote cha kuunganishia. Hutaja kazi ya kitu, si asili yake.
- ubani, manemane: rezini za kufukizia.
- sandarusi: rezini ngumu, angavu, ya rangi ya asali, itokayo kwa msandarusi.

Neno hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na jambo letu, nalo ni la hapahapa. Kibaha na Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, na Uzaramo ulikuwa miongoni mwa maeneo ya pwani yaliyochimbwa sandarusi katika karne ya 19. Sandarusi bora haikukingwa mtini. Ilichimbwa ardhini, mahali ambapo misandarusi ilikufa zamani na rezini yake kubaki mchangani. Dalili ya ubora wake ilikuwa uso wenye vipele vidogo kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Ilisafirishwa hadi Unguja, na kutoka Unguja sehemu kubwa ilichukuliwa na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Huko ng'ambo iliyeyushwa ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi.

Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika kwamba sandarusi changa, isiyokaa ardhini muda wa kutosha, iliitwa *chakazi*. Wafanyabiashara wa kigeni hawakuweza kulitamka neno hilo, wakaligeuza kuwa *jackass*, ambalo kwa Kiingereza ni punda dume. Basi katika soko la dunia pakawa na sandarusi ya punda, ambayo haikuhusiana na punda yeyote. Wanafunzi wa etimolojia wana hapa mfano safi wa neno geni linalopotoshwa ili lifanane na neno linalojulikana.

Mzee mmoja jirani alikuja kuitazama meza ilipomalizika. Baada ya shikamoo na marahaba aliinama, akagonga kwa ukucha ile sehemu angavu, akasema, "Sandarusi hii." Nilimweleza kwamba ni kitu cha kiwandani. Akajibu, "Najua, mwanangu. Lakini kwa sura na kwa kazi, ni sandarusi." Kileksikografia mzee alikuwa amefanya jambo halali: alipanua maana ya neno kwa mfanano wa umbo na matumizi, kama *msasa* ulivyopanuliwa kutoka jani hadi karatasi.

Je, mfasiri aandike *sandarusi ya epoksi*? Kwa matini ya kiufundi, hapana. *Rezini ya epoksi* au *epoksi* peke yake ni salama zaidi, kwa kuwa sandarusi haina hatari za ngozi zilizomo katika epoksi mbichi, na jina la asili linaweza kumpa msomaji imani asiyostahili kuwa nayo. Kwa matini ya fasihi, tangazo au somo la darasani, neno la mzee linafaa, na ni utajiri kulihifadhi. *Gundi ya epoksi* liachiwe ile ya kuunganishia. *Utomvu wa epoksi* na *ulimbo wa epoksi* yaepukwe.

6. Kukauka, kuganda, kukomaa

-kauka *kt* kupoteza maji au unyevu. *Nguo zimekauka. Rangi imekauka.*

-ganda *kt* kugeuka kutoka kimiminiko kuwa kitu kigumu au kizito. *Maziwa yameganda. Mafuta yameganda. Damu imeganda.*

-komaa *kt* kufikia ukamilifu wa ukuaji. *Ndizi zimekomaa. Mahindi yamekomaa.*

Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake hupeperuka. Vanishi ya kawaida huanza kwa kukauka, thina inapopotea hewani. Epoksi haipotezi maji, kwa kuwa haina maji ya kupoteza. Hugeuka kwa mmenyuko wa kemikali kati ya vimiminiko viwili, rezini na hadina, vinavyofungana molekuli kwa molekuli mpaka vikawa kitu kimoja. Ukiipima kabla na baada, uzito wake ni karibu uleule.

Tofauti hii ina athari za vitendo. Anayedhani epoksi *hukauka* ataianika juani, ataipulizia feni, au ataiongezea thina ili ikauke upesi. Jua litaipasha moto kupita kiasi na kuijaza mapovu, feni itaimwagia vumbi, thina itaidhoofisha. Na jambo kubwa zaidi, atahukumu kwa kidole. Kwa kitu kinachokauka, kidole ni hakimu mwema: kisiponata, kimekauka. Kwa epoksi, kutonata ni mwanzo wa safari tu. Ndani ya kitu hicho kigumu bado mna kemikali ambazo hazijafungana, na msasa huzigeuza vumbi linaloingia ngozini na mapafuni.

Kwa hiyo inapendekezwa:

- *kuganda* kwa hatua ya kwanza, epoksi inapoacha kutiririka na kunata;
- *kukomaa* kwa hatua ya mwisho, mmenyuko unapokamilika;
- *kukauka* kwa mbao, rangi za maji na vanishi zenye thina, si kwa epoksi.

*Kukomaa* limechaguliwa kwa sababu msomaji analijua. Mkulima wa Kibaha hahitaji kuelezwa kwamba ndizi iliyofikia umbo lake si lazima iwe imekomaa. Mfano huohuo humweleza fundi, kwa sentensi moja, kwa nini meza ngumu ya jana bado ni mbichi. Zege nalo hufuata mantiki hiyo: hushika ndani ya saa chache, lakini huendelea kuongeza nguvu kwa majuma kadhaa, na fundi mwashi hulimwagilia maji badala ya kulikausha.

Kuhusu kimiminiko cha pili, neno lililoenea gereji na karakana ni hadina [i-/zi-], nalo litumike kwa kuwa ndilo linaloeleweka. Anayetaka neno la Kibantu anaweza kutumia *kigandisho*, kwa kufuata ruwaza ya *kiyeyusho*; hilo ni pendekezo la makala hii, si istilahi iliyosanifiwa. Lisitumike *kikaushio*, kwa sababu zilizokwisha kutajwa.

7. "Sehemu mbili kwa moja": ujazo au uzito?

Kosa la pili la kawaida ni kuandika *changanya kwa kiasi cha 2:1* bila kusema kiasi cha nini. *Kiasi* ni neno la jumla mno. Epoksi nyingi hupimwa kwa ujazo, nyingine kwa uzito, na viwango hivyo haviwi sawa kwa sababu vimiminiko viwili havina uzito mmoja.

Tuseme lita moja ya rezini ina uzito wa kilo 1.1, na lita moja ya hadina kilo 0.95. Anayepima kwa ujazo, lita 2 kwa lita 1, atapata kilo 2.2 za rezini na kilo 0.95 za hadina, yaani takriban gramu 43 za hadina kwa kila gramu 100 za rezini. Anayeweka namba hizohizo kwenye mizani ataweka gramu 50. Amezidisha hadina kwa karibu asilimia 16, na ziada hiyo haina wa kufungana naye. Meza itabaki laini, au itanata kila joto likipanda, na hakuna dawa ila kuikwangua yote.

Kwa hiyo mfasiri aandike *sehemu 2 za rezini kwa sehemu 1 ya hadina, kwa ujazo* au *kwa uzito*. Neno moja la ziada linaokoa lita kumi.

8. "Meza ya mto"

Meza yenye mabanzi mawili na mkanda wa epoksi katikati mara nyingi huitwa *meza ya mto*, kwa kuwa mkanda huo hufanana na mto wa maji kati ya kingo mbili. Lakini *mto* ni pia ule wa kulalia, na msomaji asiye na picha anaweza kufikiria meza yenye takia. Inapendekezwa *meza ya mkondo*. Vivyo hivyo, *kina cha mkondo* ni sahihi zaidi kuliko *unene wa mto*.

9. Matini ya mfano

Maelekezo yafuatayo yameandikwa ili yatumike darasani na katika mazoezi ya tafsiri. Yanahusu meza ya watu sita, yenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 90, na kimo cha takriban sentimita 75.

1. Kausha mbao. Desturi ya mafundi hukadiria mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene. Ukiwa na kipimaunyevu, anza kazi unyevu ukifikia asilimia 12 au pungufu. Katika hewa ya pwani mbao huenda zikahitaji tanuri ili kufika hapo.
2. Bandua magome yote na ukwangue sehemu zilizooza au kubunguliwa. Epoksi iliyoshika gome itabanduka pamoja na gome.
3. Tengeneza kalibu ya mbao bapa, uitandike nailoni au utepe usioshikwa na epoksi, kisha uzibe pembe zake kwa silikoni. Isawazishe kwa pimamaji.
4. Paka kingo za mbao tabaka jembamba la epoksi. Tabaka hili huziba vinyweleo ambavyo vingetoa mapovu baadaye.
5. Kokotoa ujazo wa mkondo: urefu mara upana mara kina. Mkondo wa sentimita 180 kwa 15 kwa 4 una ujazo wa sentimita za ujazo 10,800, yaani lita 10.8. Kwa uwiano wa 2:1 kwa ujazo, ni lita 7.2 za rezini na lita 3.6 za hadina.
6. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Pima, kisha koroga polepole kwa muda uliotajwa kwenye chombo, ukikwangua kuta na kitako cha ndoo.
7. Mimina mapema. Usiiache epoksi nyingi ndani ya ndoo: mmenyuko hutoa joto, na joto lililofungiwa huongeza kasi ya mmenyuko mpaka ndoo ikafuka moshi. Usizidishe kina kilichotajwa na mtengenezaji kwa mmimino mmoja. Kikizidi, mimina kwa tabaka.
8. Chagua jioni. Kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mmenyuko hukaribia kuwa maradufu. Zaidi ya hayo, ubao unaopoa huvuta hewa ndani, na ubao unaopata joto huipumua nje kama mapovu.
9. Funika kwa chandarua kilichotandazwa juu ya fremu bila kugusa epoksi. Katika majira ya mvua kumbikumbi huifuata taa, na epoksi huwahifadhi kama sandarusi ilivyowahifadhi wadudu wa kale.
10. Iache igande. Kisha iache ikomae kwa muda wote uliotajwa. Usihukumu kwa kidole.
11. Randa, kisha piga msasa namba 80, 120, 180 na 240, ukiwa na barakoa na glavu.
12. Paka mafuta au vanishi. Funga miguu kwa parafujo zinazopita katika matundu marefu kidogo, ili mbao ziweze kutanuka na kusinyaa kwa kufuata majira.
13. Usiweke sufuria ya moto moja kwa moja juu ya mkondo. Epoksi nyingi hulainika kwa joto lililo chini sana ya lile la maji yachemkayo.

Walimu wanaweza kuwataka wanafunzi wabainishe kila mahali ambapo *kausha, ganda* na *komaa* vimetumika, kisha wajaribu kuvibadilishana na kueleza ni madhara gani yangempata msomaji atakayetii.

10. Muhtasari wa matumizi

- Andika *ubao huu*, usiandike *mbao hii*.
- Andika *ukingo wa asili* au *ukingo wa gome*, usiandike *ukingo hai*.
- Andika *rezini ya epoksi*, usiandike *utomvu wa epoksi*.
- Andika *hadina*, usiandike *kikaushio*.
- Andika *epoksi imeganda* au *imekomaa*, usiandike *epoksi imekauka*.
- Andika *2:1 kwa ujazo*, usiandike *kiasi cha 2:1*.
- Andika *meza ya mkondo*, usiandike *meza ya mto*, isipokuwa picha ipo.
- Andika *hustahimili joto la nyuzi* kadhaa, kwa namba. Usiandike *haiungui*, kwa kuwa msomaji atakuamini.

Yule fundi siku hizi hutengeneza milango na vitanda, wala hagusi epoksi. Mikono yake imepona. Meza ipo, na watoto wanaifanyia kazi za shule. Kila mgeni anapoisifu huuliza ilichukua muda gani kukauka, nami humjibu kwamba haikukauka.

*Tazama pia:* gundi, kalibu, msandarusi, msasa, ngeli ya [u-/zi-], ujazo, utomvu.